Mshale wa Rula

Mtaani walimwita Rula, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Alikuwa fundi wa kuchora mabango, na mkono wake ulipiga mstari kwenye bati bila kamba wala kipimo, jicho moja limefumbwa, ncha ya ulimi imechungulia pembeni mwa mdomo. Mstari ulitoka umenyooka kama uzi wa mwashi. Maduka, saluni, shule, nyumba za ibada, hata ofisi ya kodi, zote zilikuwa zimetundika mlangoni kazi ya mkono ule.

Wachache ndio waliojua kwamba mkono wenyewe ulikuwa na masharti. Asubuhi, kabla hakijapita kitu kooni, ulitetemeka hata kifungo cha shati kikamshinda. Baada ya glasi ya kwanza ulitulia. Baada ya ya pili ukawa rula. Kwa hiyo wachungaji na walimu wakuu, watu wasiokanyaga baa hata kwa kukimbia mvua, walikuwa wakisifia mistari iliyonyooshwa na pombe kali, naye fundi akipokea sifa zao kwa unyenyekevu mkubwa, kiganja mdomoni, ili harufu isije ikashukuru kabla yake.

Binti yake ndiye aliyeijua siri yote, maana alikulia chini ya ngazi ya baba yake. Tangu mdogo aliyasoma mabango ya mtaa mzima kwa namna yake. Hili herufi zimeyumba, baba alikuwa mzima. Hili herufi zimesimama kama askari wa gwaride, baba alikuwa amevaa miwani ya pombe. Mabango ya kuyumba yalikuwa machache, na yote yalikuwa ya zamani, kabla mama yake hajafariki.

Sasa binti alikuwa msusi, ameolewa na dereva wa malori ambaye nyumbani alionekana kama mwezi mwandamo. Baba mtu alikaa naye, katika chumba cha uani chenye makopo ya rangi hadi chini ya kitanda. Katikati yao alikuwepo mtoto wa binti huyo, mwanafunzi wa chekechea, ambaye babu yake alimwita Bibi Harusi. Mtoto naye hakuwa na haya. Alimwita babu "mume wangu" mbele za watu, akamkemea kwa shati lisilopigwa pasi, na akitaka peremende alisema tu, "Mume wangu, mkeo ana njaa." Wageni walicheka. Rula hakucheka. Alichukulia ndoa ile kwa uzito wake.

Kazi ya kumchukua Bibi Harusi shule mchana ilikuwa yake, kwa kuwa msusi hawezi kuacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa nusu kimesimama. Wateja wa mabango Rula aliwazungusha wiki nzima, njoo kesho, njoo keshokutwa, lakini langoni pa chekechea alifika kabla ya kengele. Alisimama hapo na kina mama wenye kanga na miavuli, mtu mzima na madoa yake ya rangi, akingoja mke.

Tatizo lilikuwa njiani. Kati ya shule na nyumbani palikuwa na njia panda, na kushoto mwa njia panda palikuwa na baa iliyoitwa Pumzika Kwanza. Bango la baa alilichora mwenyewe, na mwenye baa, mama mnene mwenye sauti ya upole ambaye kila mtu alimwita Mama Pumzika, alikuwa na heshima kwa fundi. Heshima hiyo ilikuwa imeongezeka siku za karibuni. Tangu mwisho wa mvua za mwaka jana, glasi ya kwanza ya Rula ilikuwa ya bure, kila siku, bila kuomba.

"Hii ya fundi," alisema Mama Pumzika akimwekea. "Umenisaidia sana, baba."

Rula hakuuliza amemsaidia nini. Mtu akisifiwa haulizi ushahidi. Alidhani ni lile bango, kwamba uzuri wake umeanza kueleweka. Kwa hiyo mchana alipita na mtoto, akamketisha nje juu ya kreti tupu na chupa ya soda, akaingia kupokea heshima yake. Dakika moja tu. Bibi Harusi alikuwa mvumilivu. Alihesabu malori, akaongea na mbuzi wa jirani, akangoja.

Siku moja heshima ilikuwa nyingi kuliko kawaida, na Rula akasinzia kaunta. Alipozinduka kreti lilikuwa tupu na chupa imeanguka. Mtoto alikuwa ameamua kwenda nyumbani peke yake, akashika njia asiyoijua, akafika barabara kubwa. Muuza mboga alimkuta katikati kabisa, malori yakipita huku na huku, amesimama kimya na begi lake, anamtafuta mume wake kwa macho.

Rula alitegemea binti atapiga kelele. Alikuwa amejiandaa kwa kelele, ana majibu yake. Binti hakupiga kelele. Alimwogesha mtoto, akamlisha, akamlaza, kisha akaja akasimama mlangoni pa chumba cha uani.

"Baba, shikamoo."

Walikuwa wameshasalimiana asubuhi. Hapo ndipo Rula alipoogopa.

"Marahaba, mwanangu."

"Mtoto hutamchukua tena. Mama wa jirani atamchukua. Sisemi kwa hasira, baba, hasira zilishaniishia nikiwa darasa la tano. Nenda ukatibiwe. Ukipona, utamchukua."

"Nitaacha. Nakuapia kwa..."

"Usinitajie mama," binti alisema. "Umeshaacha mara nyingi. Sasa naomba utibiwe."

Mchana wa siku ya pili yake Rula alijificha nyuma ya kibanda cha mkaa akamwona Bibi Harusi anatoka langoni, anatazama pale babu anaposimama siku zote, anatazama tena, halafu anamfuata mama wa jirani kichwa chini. Kilimuuma. Kilimuuma kuliko msiba, maana msibani walau watu huja kukupa pole.

Basi akaanza kutafuta tiba. Wenye kujua walimwambia ipo hospitali nzuri sana ya walevi juu mlimani, wagonjwa wanalala huko na kuongea na wataalamu. Akavaa suruali isiyo na rangi, akapanda. Getini alikuta maua yamekatwa kwa mkasi na bwawa lenye samaki wekundu. Dada wa mapokezi alimkaribisha kiti, akampa maji ya baridi, akamtajia gharama ya mwezi mmoja kwa tabasamu zuri mno.

"Samahani, mama," Rula aliuliza kwa adabu, "hiyo ni pamoja na jengo?"

Alishuka mlima huku akijiambia kwamba walevi wa kule juu lazima walianza kunywa baada ya kuona bili.

Mshona viatu, rafiki yake wa siku nyingi, akamwambia aache kuhangaika na wazungu weusi, dawa ipo. Akamtolea unga wa mizizi uliofungwa kwenye karatasi ya gazeti. Unamaliza hamu kabisa, alisema, hata harufu utaichukia.

"Nachanganya na maji?"

"Maji hayafai, hayaivishi dawa. Changanya na kikombe cha pombe kali. Kutwa mara tatu."

Katika maisha yake yote Rula hakuwahi kufuata dawa ya daktari yeyote kwa uaminifu kama alivyoifuata ile. Hakuruka dozi hata moja. Siku nyingine, kwa kuhofia kwamba amesahau, alirudia. Unga ulipokwisha, hamu ilikuwepo palepale, imenenepa.

Mwisho akajaribu njia ya wanaume, yaani kuacha mwenyewe kwa nguvu za kifua. Alijifungia chumbani. Kufika jioni alikuwa anatoka jasho kama mbeba magunia, kikombe cha chai kikigonga meno, na ukutani makopo ya rangi yameanza kumsemesha. Binti alimkuta anayajibu. Walitazamana, wote wawili wakiogopa, na kulipokucha Rula aliteremka Pumzika Kwanza akapokea glasi yake ya heshima. Mkono ukatulia mara moja, mwongo mkubwa ule.

Wakati anarudi, akiwa si mzima wala si mlevi, katika ule utulivu mfupi wa glasi moja, alisimama njia panda kuvuta pumzi. Juu ya nguzo palikuwa na bango. Alilitazama kwa jicho la kazi. Herufi safi, rangi haijapauka, mshale umenyooka kama uzi. Akajua ni lake. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya kwa bango lolote alilolichora, maana kwake herufi zilikuwa maumbo, huyu ana tumbo, huyu ana miguu miwili. Alilisoma.

MATIBABU YA ULEVI. BURE. KARIBU SANA.

Akalisoma tena. Kinyozi hajinyoi, wanasema, lakini walau kinyozi anajua kwamba ana nywele. Rula alikuwa amepanda mlima, amekunywa mizizi, amezungumza na makopo, na tiba ya bure aliitangaza mwenyewe, kwa mkono wake, kwa rangi ya mafuta ya daraja la kwanza. Akacheka peke yake mpaka mwendesha baiskeli akageuka. Halafu akaufuata mshale, akisahau kwa furaha hata alikotoka. Mshale ulielekea kushoto. Alitembea, akampita mbuzi wa jirani, akafika mwisho wa mshale.

"Mbona umerudi mara hii?" aliuliza Mama Pumzika. Kisha akamtazama vizuri, yale macho ya matumaini, na uso wake ukalegea. "Jamani, fundi. Usiniambie na wewe umefuata kibao."

"Kliniki iko wapi?"

"Kaa kwanza upumzike."

"Mama, kliniki iko wapi?"

Mama Pumzika akavuta kiti akakaa yeye. Hakuwa mtu mwongo. "Sikiliza, baba. Tangu umechora kile kibao, watu wananijia hapa wameoga, mashati yamepigwa pasi, wengine wameshikwa mkono na wake zao. Wanauliza, ndipo hapa? Mimi sikuwahi kusema ndipo. Nasema tu, karibuni mkae. Wakishakaa, wanaagiza wenyewe."

Kutoka meza ya pembeni karani wa posta akainua mkono, kama mwanafunzi anayejua jibu. Shati lake lilikuwa bado na alama ya pasi, ya siku nyingi. "Mimi nilikuja kutibiwa wakati wa mvua," alisema. "Nikaambiwa nipumzike. Bado napumzika."

Wote wakacheka, na Rula akawatazama mmoja mmoja. Alikuwa amewaona pale miezi yote akidhani ni wanywaji wenzake. Walikuwa wagonjwa. Alikuwa amewapeleka yeye, na glasi ya bure ilikuwa mshahara wake.

Sasa akakumbuka. Bwana mmoja wa ofisi ya afya alikuja haraka haraka, hakuzima hata pikipiki. Yeye Rula alikuwa ameketi barazani, ameshapata ya tatu. Yule bwana alisimama mbele yake, wametazamana, akachora mshale mchangani kwa kijiti. Ulikuwa unaelekea mkono wa kuume wa bwana. Rula aliunakili kama alivyouona toka upande wake, ambako ulielekea kushoto. Ofisini walipokea bango, wakakagua kama lina mshale, wakakuta linao, wakalitundika.

Ulevi haukuwa umemwaibisha kiasi hicho kwa miaka yote ile. Kwa ulevi alikuwa na visingizio, tena vya kutosha kugawia wengine. Lakini mshale! Fundi mzima! Mama Pumzika, kwa huruma, alimmiminia. Ningependa kusema aliisukuma glasi. Aliinywa. Kisha akainuka, akarudi mpaka njia panda, akaupa mshale wake mgongo, akaenda.

Kliniki ilikuwa karibu kabisa upande wa kulia, nyuma ya zahanati, katika chumba kilichokuwa stoo. Benchi jipya ambalo halijakaliwa, kabati la dawa, na muuguzi wa makamo anayefuma kofia ya mtoto. Rula alipobisha hodi, Sista aliinuka ghafla, donge la uzi likabingirika hadi mlangoni.

"Umepotea, mzee wangu? Wajawazito ni mlango wa mbele."

"Nimekuja kutibiwa, Sista. Ulevi."

Sista akakaa tena. "Umekunywa leo?"

Rula akafikiria uongo, akauona uko mbali. "Kidogo."

"Afadhali."

Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake mtu aliyesoma kumwambia afadhali amekunywa. Sista akamweleza kwamba mwili uliozoea miaka mingi hauachishwi kwa ubabe, ukikatwa ghafla bila dawa unaweza kuanguka kifafa, hata kufa. Hapa angepewa dawa za kutuliza, zikipunguzwa pole pole, na vitamini, na mazungumzo. Asilipe kitu. Masharti yalikuwa kuja kila asubuhi, kumeza mbele yake, na kukaa kwenye kikao cha wagonjwa.

"Wagonjwa wako wapi?"

"Ndio wewe," alisema Sista, akavuta kiti chake kukizungusha mbele ya benchi, ili wawili wao wakae duara kama mwongozo unavyotaka. "Wakubwa wametuandikia pongezi, kwamba mtaa huu hauna walevi. Wiki chache zijazo wanakuja kutufunga."

Rula akakohoa. "Sista, bango lenu lina kasoro ndogo."

"Kasoro gani?"

"Linaelekea baa."

Sista aliweka sindano za kufumia magotini. "Nani alilichora?"

"Fundi mmoja mlevi."

"Yuko wapi huyo, nimshike?"

"Yuko kwenye matibabu."

Sista alicheka mpaka akatumia ile kofia kujifuta machozi. Halafu akamwambia, kwa sauti isiyo na mzaha, kwamba akipata nguvu akarekebishe.

Siku za mwanzo zilikuwa chungu. Alikuja akitetemeka, akarudi akitetemeka, akalala mchana. Nyumbani alimwambia binti, "Natibiwa," naye akajibu, "Vizuri, baba," kwa ile sauti anayoitumia kwa mteja anayeahidi kulipa mwisho wa mwezi. Rula hakumlaumu. Maneno yake yalikuwa yameshachakaa, hayakubaki hata moja la kuaminika. Jioni Bibi Harusi alipita mlango wa chumba chake akamsalimia kama mzee wa mtaa: shikamoo babu. Si mume wangu. Babu.

Alipoweza kupanda ngazi bila kizunguzungu, alibeba kopo na brashi akaenda njia panda. Mkono ulikuwa bado haujatulia, Sista alisema utachukua muda wake. Akaufuta mshale wa zamani kwa rangi nyeupe, akainua brashi. Ncha ikacheza. Akaishusha, akaishika kwa mikono miwili. Ikacheza. Chini, Mama Pumzika alikuwa amesimama na kitu kimefunikwa kwa sahani.

"Fundi, usijiaibishe mbele za watu. Moja tu ya kushika mkono, mshale unyooke. Ni kwa ajili ya kliniki yenyewe, baba."

Na hilo, ndugu msomaji, ndilo lilikuwa gumu, kwa sababu lilikuwa kweli. Glasi moja, na mshale ungekuwa kazi ya Rula. Bila glasi ungekuwa aibu ya Rula, juu ya nguzo, mchana kweupe, ikisomwa na kila aliyewahi kumlipa. Mate yalimjaa. Alitazama ile sahani muda mrefu. Halafu akageukia bati na kuanza.

Ulitoka mshale wa ajabu. Uliinama, ukainuka, ukasita katikati kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, na kichwa chake kilikuwa kikubwa upande mmoja. Lakini ulielekea kulia. Vijana wa pikipiki waliangua kicheko. "Leo Rula kalewa chakari!" wakasema. Mama Pumzika akaondoka na sahani yake.

Binti alipita akielekea kununua nywele za bandia. Akasikia kicheko, akainua macho, akasimama. Alitazama ule mshale kutoka mkiani hadi kichwani. Watu walidhani anaona aibu. Akasogea, akapanda vidato viwili vya ngazi, akagusa bati kwa kidole, na kidole kikatoka na rangi mbichi.

"Umeuchora sasa hivi?"

"Sasa hivi."

"Umepinda, baba."

"Najua."

Alikuwa analia, tena hakujificha. Tangu mama yake azikwe hakuwa ameona mstari wa baba uliopinda. Akajifuta kwa mkono wenye rangi, akajichafua shavu.

"Nina mteja, sijamaliza kichwa," alisema. "Na mama wa jirani nitamwambia leo apumzike. Kamchukue mkeo."

Rula alifika langoni kabla ya kengele. Kina mama wa miavuli wakampisha pale pake. Bibi Harusi alitoka, akamwona, akasimama mbali kidogo akimkagua, kuanzia viatu kupanda juu. Babu akanyoosha mkono, nao ukatetemeka hewani. Mtoto hakuushika. Alivua begi akalitundika kwenye mkono ule.

"Beba hili," alisema. "Mkono nitakupa tukishapita pale."

Wakaenda, yeye mbele, babu nyuma na begi lenye picha ya sungura. Njia panda walipita chini ya mshale. Upande wa kushoto kreti lilikuwa palepale nje ya mlango, na kwenye meza ya pembeni kiti cha karani wa posta kilikuwa kitupu. Bibi Harusi hakugeuka, lakini alipunguza mwendo, akingoja kusikia kama hatua za nyuma yake zitabadilika. Hazikubadilika. Walipoiacha baa nyuma yao, alirudisha mkono nyuma bila kutazama, na Rula akaushika.

"Unatetemeka, mume wangu," alisema mtoto.

"Ndiyo. Nishike vizuri."